Mhariri, mtoto wa miaka minne asiamshwe saa kumi usiku

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu, kwamba mtoto mdogo anaweza kuanza kusoma nyumbani bila kuamshwa usiku. Kila ikifika Desemba wazazi wanaanza kuhangaika na fomu za watoto wa chekechea, na ikifika Januari ukitoka nje saa kumi na moja kasoro, giza bado nene, unakuta vitoto vimesimama barabarani na mabegi makubwa kuliko migongo yao vinasubiri gari la shule, vingine vimelala hivohivo vimeegemea mapaja ya mama zao au dada wa kazi. Mimi naviona kila siku kwa sababu nauza vitumbua hapa Mbagala na naamka saa tisa na nusu kuwasha jiko. Mtu mzima kuamka saa hizo kutafuta riziki ni sawa, lakini mtoto wa miaka minne anatafuta nini saa hizo jamani?

Nina watoto watatu, mume wangu ni dereva bajaji. Mtoto wetu wa kwanza tulimpeleka shule ya ingilishi midiamu akiwa na miaka minne, tukajibana kweli kweli, usafiri tu tulikuwa tunalipa hela ambayo ingetosha kodi ya chumba. Gari lilikuwa linampitia saa kumi na dakika arobaini kwa sababu sisi tulikuwa wa kwanza kwenye ruti, linazunguka mitaa yote mpaka kufika shule inakaribia saa moja, kurudi saa kumi jioni. Siku moja kashushwa amebebwa, amelala, kiatu kimoja hakipo. Nilipofungua hotpoti wali uko vilevile nilivyoupakia, hata kijiko hakijaguswa, nikamuuliza we mbona hujala, akanijibu muda wa kula nilikuwa nimelala mama. Jina la shule silitaji, na walimu wale siwalaumu maana darasa lilikuwa limejaa, lakini usiku ule sikulala, nilikaa namwangalia mtoto alivyokonda.

Alafu ikaja Machi 2020. Mtakumbuka tarehe 17 Waziri Mkuu Majaliwa alivyotangaza shule zifungwe kuanzia awali mpaka kidato cha sita kwa ajili ya corona. Ikasemwa siku thelathini, zikaisha hazikufunguliwa, watoto wakakaa nyumbani mpaka Juni 29. TBC walikuwa wanarusha masomo kwenye tivii lakini kwa mtoto wa miaka mitano kukaa kutazama mwalimu anaongea ni kazi bure, anaangalia dakika tano anaenda kucheza. Ndo nikaamua kumkalisha mwenyewe, na hapo nikagundua kitu kilichoniuma: mtoto anaimba ei bii sii mpaka mwisho, anajua kusema apple na umbrella, lakini ukimwandikia neno baba hajui ni nini. Mwaka na zaidi wa kuamka saa kumi usiku, na neno baba hajui.

Mimi nimeishia kidato cha nne, sio mwalimu. Nikakumbuka tu tulivyofundishwa sisi, nikachukua kipande cha mkaa nikaandika kwenye ukuta wa uani a e i o u. Wiki nzima tukakaa hapo. Alafu ba be bi bo bu, alafu ma me mi mo mu, ukishaunganisha hizo mbili mtoto anasoma baba, bibi, babu, mama, mimi, na kila neno ni la mtu anayemjua. Kiswahili kimetupa bahati kubwa kwenye hili, yaani kinavyoandikwa ndivyo kinavyotamkwa, mtoto akishashika irabu tano na akaelewa silabi anakwenda mwenyewe, kazi inabaki kwenye zile za mwisho kama ng na ng' na dh na gh. Shule zilipofunguliwa Juni alikuwa anasoma maandishi ya mbele ya daladala, Mbagala, Kariakoo, Rangi Tatu, anasoma kwa sauti mpaka makonda wanacheka.

Basi huyu wa pili nikasema simpeleki popote mpaka afike darasa la kwanza. Na hapa ndo nataka kuongea na kina mama wenzangu, kwa sababu wengi nikiwaambia wanasema mwenzetu una muda, sisi kazi za nyumbani zinatushinda. Mi sina muda. Kipindi hicho nilikuwa na kichanga mgongoni, maji kwetu yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki tena usiku, na vitumbua lazima viwe tayari saa kumi na mbili maana wateja wangu ni watu wa kwenda kazini. Ningesema nitenge saa mbili za kukaa mezani kama darasani nisingeweza hata wiki moja. Nilichojifunza ni kwamba mtoto mdogo hahitaji saa mbili, anahitaji dakika ishirini za kukaa kweli na daftari, biashara ikiisha saa tatu na kichanga kikilala, basi. Yaliyobaki yote anajifunza akiwa ananifuata kwenye kazi zangu.

Hesabu nimemfundishia kwenye vitumbua. Chuma changu kina matundu saba, nikimimina nasema hesabu, moja mpaka saba, chuma cha pili kumi na nne, cha tatu ishirini na moja, hajui kama ile inaitwa jedwali la saba lakini analo kichwani. Kitumbua ni mia mbili. Akawa anakaa pembeni anapanga sarafu, mia mbili, mia nne, mia sita, mia nane, buku. Kuna asubuhi alikuja baba mmoja wa gereji akachukua vitatu akatoa noti ya elfu moja, mi nilikuwa nageuza mkono umejaa mafuta, nikasikia mtoto anasema peke yake kwa sauti ndogo, vitatu mia sita, bado mia nane, bado buku, kila akitaja anaweka sarafu moja kiganjani kwa yule baba, akampa mia mbili mbili. Yule baba akazihesabu akaniangalia, akauliza huyu yuko darasa la ngapi? Alikuwa na miaka mitano na hajakanyaga shule.

Kusoma nako hivohivo. Mfuko wa unga, kopo la majani ya chai, pakiti ya chumvi, vyote ni vitabu. Siku ya chumvi naikumbuka vizuri. Chu aliisoma bila shida, kufika kwenye mvi akakwama, akasema chumuvi. Nikamwambia hapana, m hapo haina mwenzake, imesimama yenyewe, funga midomo uiache iimbe kidogo alafu ndo useme vi. Akaweka kidole kwenye midomo yake anaisikiliza, mmm, vi. Chumvi! Alishangaa kama vile kaiona pakiti ile kwa mara ya kwanza. Siku nzima nikawa namsikia anatafuta maneno yenye m ya peke yake, mtu, mto, mbu, mtoto, ananifuata mpaka bombani kuniambia. Na b na d zilivyokuwa zinamchanganya nilimwambia b ana mimba, tumbo liko mbele, d kabeba mtoto mgongoni kama mama hivi sasa. Hakuzichanganya tena.

Sisemi kila siku ilienda vizuri. Kuna wiki kichanga kilikuwa kinaota meno, usiku hatulali, mchana daftari hatulishiki kabisa. Kuna kipindi bajaji ilikaa gereji siku kumi na mbili nikawa nauza na jioni, mtoto akakaa hajasoma kitu. Mwanzoni nilikuwa naumia naona nimemharibia maisha, lakini tukirudi nakuta hajasahau, wakati mwingine amekaa na somo kichwani linaiva lenyewe. Kitu ambacho sikukiacha hata tukizidiwa vipi ni hadithi ya usiku, taa ikizimwa baba yao anawahadithia ya sungura na fisi, hapo luku iwepo isiwepo hadithi ipo.

Maneno ya watu yalikuwepo. Mama mkwe alisema namficha mtoto ndani atakuwa mshamba, jirani akasema ni ubahili wa ada. Mama mkwe nilimuelewa kwa sababu hofu yake ilikuwa mtoto kukosa wenzake, na hilo ni la kweli, mtoto lazima awe na watoto wenzake. Sisi tunakaa nyumba ya kupanga, watoto uani wamejaa, na alasiri alikuwa anaenda madrasa, anakaa mkekani na wenzake anasoma alifu, bee, tee. Tena nilimwambia mama mkwe, kwani nyie kule kwenu Kilwa mlianzia wapi kusoma kama sio barazani kwa maalimu, na ubao mkononi? Akanyamaza, kesho yake akaanza kumfundisha kusuka ukili, ule wa kushonea mikeka, na ukili ni hesabu pia, ukikosea idadi ya miaa unafumua.

Lazima niseme na hili. Sera ya Elimu ya 2014 ilisema awali iwe ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, najua, na sipingani nayo hata kidogo, nia yake ni nzuri. Shule ya serikali ya karibu nilienda kuangalia kabla sijaamua. Awali yao ilikuwa na mwalimu mmoja, watoto wamekaa chini mpaka mlangoni, yule mama wa watu sauti imemkauka. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wamejitokeza wengi, na hiyo ni heri, wengine wasingesoma kabisa. Mimi nikaona nikimwacha wangu nyumbani ambako naweza kumfundisha nimemwachia nafasi pale chini mtoto ambaye mama yake anashinda kiwandani na hana wa kumwachia. Mama wa hivyo simsemi vibaya hata siku moja, wala anayelazimika kumpandisha mwanae gari la saa kumi. Nawasema wenye shule na sisi wazazi tunaoona ufahari mtoto kuanza na miaka mitatu.

Tatizo lilikuja kwenye kumuandikisha darasa la kwanza, Januari 2024, mwaka ule ule mtaala mpya ulipoanza. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha akauliza katoka awali gani, nikasema nyumbani, akaweka kalamu chini. Akasema mama, hatuchukui mtoto ambaye hajapita awali, rudi mwakani umlete awali kwanza. Nikaomba kitu kimoja tu, ampe kitabu chochote asome. Akavuta kitabu mezani akafungua katikati, mtoto akasoma ukurasa mzima, anaweka kidole chini ya kila neno, kwenye nukta anapumua. Mwalimu akaita mwenzake aje asikilize. Aliandikishwa siku ile ile na namshukuru sana yule mwalimu kwa kukubali kusikiliza, lakini najiuliza wangapi wanarudishwa bila hata kupewa kitabu.

Kwahiyo naomba mambo mawili. La kwanza kwa wahusika wa elimu, mtoto akija Januari na mzazi anasema kamfundisha nyumbani, msimuulize karatasi, mpeni kitabu na penseli. Akishindwa basi mwanzisheni awali, hakuna mzazi atakayelalamika.

La pili ni lako Mhariri. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba yao ya mtandaoni, vitabu vya kiada unasoma bure, nimevitumia, lakini ni kwa simu na bando, na simu ya mama mwenye biashara ndogo mchana kutwa iko kazini. Gazeti linafika mpaka kwenye genge, likishasomwa linafungiwa maandazi, linabandikwa ukutani, linakaa nyumbani mwezi. Mtoto wangu wa tatu anaingia miaka mitano sasa na nimeanza nae, ananiuliza maneno ya kwenye gazeti lililofungia dagaa, mengi magumu, mengine sio ya umri wake. Tunaomba nusu ukurasa tu kwa wiki, Jumamosi au Jumapili, silabi za wiki hiyo kwa herufi kubwa, maneno kumi, kihadithi cha mistari mitano, na hesabu tatu za vitu vilivyopo nyumbani kama vizibo, maharage, ndoo za maji. Mama akate abandike karibu na jiko. Na upande wa nyuma naomba msiweke tangazo lenye wino mzito maana unavuja, herufi za mtoto hazionekani.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam