Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Turuhusuni Kufundisha Jinsi Katiba Ilivyojadiliwa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili katika shule ya sekondari ya kata. Nimenyamaza muda mrefu, kwa kuwa mtumishi wa umma analelewa kupitishia mambo yake kwa mkuu wake wa kazi. Wiki iliyopita uvumilivu umenishinda.

Nilikuwa nimewagawa wanafunzi wa kidato cha pili makundi mawili. Moja lilitetea Muungano wa serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, jingine wa serikali tatu, yaani kuongeza ya Tanganyika, kama wakubwa walivyobishana kwenye Bunge Maalum la Katiba, Dodoma, mwaka 2014. Walikuwa wamesoma hoja za pande zote kwenye kurasa za hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge hilo, nilizozitolea kopi. Kiongozi mmoja wa elimu aliyekuja kukagua alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akaamuru waache. Alisema hiyo ni siasa na shuleni hakuna siasa. Binti aliyekuwa anazungumza akakaa chini sentensi yake ikiwa nusu. Nami nikatakiwa kuandika barua ya kujieleza. Nimeiandika na nimeikabidhi.

Mheshimiwa, juma moja kabla ya hapo watoto hao walikuwa wamejifunza Ibara ya 18 ya Katiba, inayompa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Niwaambie nini sasa?

Ukiwauliza wanafunzi wetu Katiba ni nini, watakujibu kwa sauti moja kwamba ni sheria mama, ni ya mwaka 1977, na mihimili ya dola ni mitatu. Wamekariri vizuri. Lakini hawajui kwamba tume ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo, iliyoandaa katiba ya CCM wakati vyama vya TANU cha Bara na ASP cha Zanzibar vinaungana, ndiyo hiyo hiyo iliyopewa kazi ya kupendekeza Katiba ya nchi, na Bunge Maalum likaipitisha tarehe 25 Aprili 1977. Hawajui kwamba haki zao ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, miaka 23 baada ya uhuru wa Tanganyika, na zikasubiri hadi 1988 ndipo mtu aweze kuzidai mahakamani. Mtoto akilisikia hili anashtuka. Anauliza kabla ya hapo ilikuwaje. Swali hilo moja linanitosha kufundisha vipindi viwili.

Chukua Tume ya Jaji Nyalali ya mwaka 1991, iliyowauliza wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na bado tume ikapendekeza vyama vingi, vikaja mwaka 1992. Je, wachache walistahili kusikilizwa? Kwa nini? Sijaona darasa likisinzia mbele ya swali hili, hata kipindi cha mwisho, mchana wa jua kali, watoto wakiwa hawajala.

Halafu kuna mchakato wa Katiba mpya ulioanza wanafunzi wangu wakiwa bado wananyonya. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni. Mwaka 2013 rasimu ya kwanza ikapelekwa kwenye mabaraza ya Katiba, ambako wazazi wa baadhi ya watoto hawa walikaa na kuijadili. Rasimu ya pili, yenye serikali tatu, ikakabidhiwa tarehe 30 Desemba 2013. Bunge Maalum la Katiba likakutana Dodoma Februari 2014, na kabla ya kuigusa rasimu likavutana kwa wiki kadhaa juu ya kanuni tu: kura iwe ya wazi au ya siri? Mwishowe kila mjumbe akaachiwa achague. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Waliobaki wakaendelea, serikali tatu zikaondolewa, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa tarehe 2 Oktoba, kwa sharti la theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa.

Kuna tusi gani hapo, Mheshimiwa? Ni historia ya nchi yetu, tena ya karibu. Mtaala mpya unatutaka tujenge fikra tunduizi, yaani za kuchunguza na kupima hoja. Tunduizi ya kutunduia nini, ikiwa mambo ambayo taifa lilibishania kwa hoja ndiyo hayo tunayokatazwa kuyagusa?

Nadhani woga huu haukuanzia ofisini kwako. Naona ni kovu la 2014: watu wazima walitoleana maneno makali mbele ya runinga, kisha kila mtu akaona heri jambo lenyewe lisitajwe. Huenda pia viongozi wa chini wanaogopa kuulizwa na walio juu yao, kwa hiyo wanakataza mapema wawe salama. Lakini mtoto asiyewahi kuona watu wakipingana kwa hoja na kanuni atajifunzia wapi kupingana? Ataona matusi kwenye simu na kudhani ndiyo njia pekee.

Nikukumbushe kwa heshima. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba wananchi watapewa elimu ya Katiba kwa miaka mitatu. Tulifurahi sana sisi walimu wa somo hili. Nilitegemea vitabu, semina, hata nakala za Katiba zenyewe. Shuleni kwangu havijafika. Nakala ninayofundishia ni yangu, imeachia gamba, na inazunguka mikononi mwa darasa lenye watoto wanaokaa watatu watatu kwenye dawati. Kopi zote nalipia mwenyewe, kwa mshahara huu unaoujua. Sijawahi kudai hela hiyo, na siidai leo.

Ninachoomba ni waraka. Waraka mmoja wenye saini ya wizara yako, useme wazi kwamba mwalimu anaruhusiwa kufundisha jinsi Katiba zetu zilivyojadiliwa, kuanzia 1961 hadi 2014, pamoja na hoja za walioshinda na za walioshindwa, na kwamba mdahalo wa wanafunzi darasani si mkutano wa siasa. Vitabu vikichelewa tutasubiri, kama tulivyozoea. Waraka hauhitaji bajeti. Nakuomba utoke kabla ya muhula ujao, ili nikiingia darasani nimwambie yule binti amalizie hoja yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili