Kwa nini tunakuanzisha ukufunzi kwa ndege ya injini moja

Mwezi uliopita mzee mmoja anayefanya biashara ya samaki pale Kirumba alikuja ofisini kwetu Pasiansi, hapa Mwanza, amefura. Kijana wake ana leseni ya urubani wa biashara ya Marekani, nasi tunamwandaa arudi kule kuchukua ukufunzi, yaani cheti cha kufundisha marubani. Mzee alikuwa ameambiwa kwamba mtu anaweza kwenda moja kwa moja kwenye ukufunzi wa injini mbili, na kwamba sisi tunamzungusha kijana ili tumtoze mara tatu. "Anayeendesha meli," akaniuliza, "atashindwaje mtumbwi?"

Shikamoo mzee, na wazazi wengine wote mnaouliza hivyo. Kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, zinaruhusu kuanza na injini mbili, kweli. Lakini cheti cha mkufunzi huandikwa daraja kwa daraja, yaani kwa kila aina ya ndege: aliyefaulu kwa injini mbili haruhusiwi kumfundisha mtu injini moja mpaka aongeze daraja hilo. Na anayeanza urubani huanzia wapi? Kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, na wenzake. Kijana anarudi na cheti, wanafunzi hana.

Mtihani wa kwanza wa ukufunzi ndio mzito kuliko yote. Mtahini anaweza kukuhoji nusu siku kabla hamjagusa ndege, kisha unarushia kiti cha kulia, cha mkufunzi, ambako hata kutua kunajifunzwa upya. Ukianguka, unalipa tena mtahini na ndege. Ndege ya injini mbili hunywa mafuta karibu mara mbili ya 172. Sasa mahali pa kufanyia makosa ni wapi? Baada ya huo wa kwanza, mitihani ya kuongeza ni mifupi, kwa kuwa mengi yameshapimwa. Ndiyo maana tunapanga injini moja, halafu ukufunzi wa kuruka kwa vyombo (kuongoza ndege kwa kusoma vipimo bila kuona nje) kwenye ndege ileile, injini mbili mwisho.

Tena kuna mafunzo ya spini, yaani ndege inapoanguka huku inazunguka, na namna ya kuitoa humo. Bila sahihi ya spini huingii mtihani wa kwanza, hata ukiufanyia kwenye injini mbili, na hizo ndege ndogo za injini mbili haziruhusiwi kuzungushwa spini. Utakodi injini moja vilevile.

Lakini kinachowaumiza wateja zaidi ni logibuku, kitabu ambamo rubani huandika saa zake zote za kuruka. Ada ya kuikagua mstari kwa mstari ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote: "Nilipie kusomewa kitabu changu?" Kijana mmoja alikataa, akaenda. Kanuni inataka saa 15 za rubani mkuu, yaani mwenye dhamana ya ndege, katika daraja unaloomba. Yeye alikuwa na zaidi ya 20 za injini mbili, lakini nyingi alikuwa anafundishwa kabla ya kupata idhini ya ndege hizo, kwa hiyo hazikuhesabika. Alinunua zilizopungua huko huko, kwa bei ya haraka. Mwingine alifanya mazoezi yote kwenye 172, wiki ya mwisho akakodi ndege ya magurudumu yanayokunjwa kwa sababu rafiki yake alimwambia ni lazima. Sharti hilo liliondolewa Aprili 2018. Akaenda kwenye mtihani na ndege ngeni, kiti kigeni, akaanguka.

Na kwa mtu wa Mwanza nina sababu nyingine, ambayo naitilia uzito kuliko pesa. Piper Seminole, wanayofundishia injini mbili kwingi Marekani, ikibeba uzito kamili na injini moja ikazimika, ikifika futi 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari hupanda kwa shida, futi 50 tu kwa dakika, na hapo ni hali ya hewa ya kawaida; kwenye joto hupanda kwa shida zaidi. Uwanja wetu uko futi zaidi ya 3,700, na jua la mchana la hapa mnalijua. Mkufunzi atakayemzimia mwanafunzi injini juu ya ziwa hili nataka awe ameshafundisha saa nyingi kwanza.

Wapo tuliowaruhusu waanze na injini mbili: waliokuwa na saa za kutosha na kazi inayowasubiri kwenye ndege hizo. Ni wawili tu.

Ukija, leta logibuku yenyewe, si picha za simu. Mzee wa Kirumba ameileta ya kijana Jumatatu.