Tuseme nini badala ya "serotonini imepungua"?

Ndugu mhariri, pamoja na wasomaji mlio kwenye kazi ya tiba,

Tunawaandikia kutoka dirisha la dawa, hapa Mbeya. Kuna maneno matatu yametushinda kuyatumia na yametushinda kuyaacha: "upungufu wa serotonini".

Mgonjwa wa sonona, au wa wasiwasi uliopitiliza, akileta cheti cha fluoksetini huuliza kwanza dawa hii ni ya nini. Ukitaja sonona, anageuka kuangalia nani amesikia. Ukimwambia kuna kemikali ya ubongo, serotonini, imepungua na kidonge kinaijaza, uso unakunjuka. Sasa ana ugonjwa wenye heshima kama upungufu wa damu. Hakulogwa, si mvivu, wala hajapungukiwa imani. Kwa hilo maneno yale yana kazi yake. Tabu ni kwamba hayana ushahidi, na deni lake mgonjwa ndiye anayekuja kulilipa.

Dhana hii ilizaliwa kinyumenyume. Miaka ya 1950 iproniazidi, dawa ya kifua kikuu, ilionekana kuwachangamsha wagonjwa, na ikajulikana kwamba inazuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na kemikali ndugu zake. Watu wakakisia ugonjwa kutokana na dawa: kama kuongeza kunasaidia, basi ilikuwa imepungua. Ni kama kusema kuni mbichi haziwaki kwa sababu zimepungukiwa mafuta ya taa. Mwaka 2022 mtafiti Joanna Moncrieff wa Uingereza na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi, wasipate ushahidi thabiti wa upungufu huo. Dawa yenyewe ni habari nyingine: kwenye majaribio inakishinda kidonge kisicho na dawa ndani, ingawa si kwa pengo kubwa.

Deni la kwanza hudaiwa palepale: "Basi nipimwe." Hakuna cha kupima. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni, na iliyo kwenye damu imebebwa na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Haivuki kuingia kwenye ubongo. Ndiyo maana ndizi za Tukuyu, ambazo kweli zina serotonini na ambazo wagonjwa huambiwa wale kwa wingi, zinaishia kushibisha tu. (Upungufu wa kweli nyanda hizi tunaujua: madini joto, na rovu lake. Ule unapimika, na chumvi yenye madini hayo inauziba. Tezi ikilegea mtu anapoa na kukosa raha hadi unadhani ni sonona, kwa hiyo mwenye uvimbe shingoni apimwe tezi kabla hajaanzishiwa kidonge.)

Deni la pili ndilo kubwa. Aliyeambiwa "inajaza" hungoja kama anayejaza tanki la bodaboda: leo mafuta, leo safari. Kidonge huanza kuziba njia ya kurudishia serotonini kwenye seli baada ya saa chache tu, lakini nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 6. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli zina vipokezi vya kujizuia. Vikihisi serotonini imezidi vinapunguza kasi, hadi vichoke na kulegea, kisha ndipo mawasiliano ya seli yaanze kubadilika. Wakati huo tumbo, lenye sehemu kubwa ya serotonini, linalalamika kwanza: kichefuchefu, kuharisha. Usingizi unakatika, na mwenye wasiwasi anazidi kuwa na wasiwasi. Siku ya tano anaacha, na anawaambia majirani dawa ile inapandisha ugonjwa.

Kwa huyo tungependa aanze na miligramu 10 kwa wiki moja kabla ya 20. Kapsuli ya 20 haikatwi. Ya 10 ikikosekana, daktari anaweza kuandika 20 siku moja, siku inayofuata apumzike, kwa kuwa fluoksetini hukaa mwilini siku kadhaa. Anywe asubuhi, baada ya chai. Lakini bahasha ya dawa ina nafasi ya "1 × 1" tu, na foleni nyuma yake haina subira.

Deni la tatu huja mwezi wa pili au wa tatu. Amepata nafuu, anasema imejaa, anaacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aendelee angalau miezi 6 baada ya kupona, kisha ashushe dozi taratibu. Aliyekuwa kwenye amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, akikata ghafla hupata jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi, naye huamini kwamba "tanki limeisha" tena.

La nne ni la hatari. Kitu cha kujaza kinasikika kama vitamini, na vitamini hakuna anayezitaja akienda kununua dawa nyingine. Mbeba viazi wa Uyole mwenye mgongo mbovu anapewa tramado juu ya fluoksetini. Serotonini ikizidi anatoka jasho, anatetemeka, miguu inakakamaa na kurukaruka, joto linapanda, anachanganyikiwa. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo. Linezolidi ya kifua kikuu sugu nayo ina hatari hiyo. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, ina njia yake: chembe sahani huokota serotonini kwa mlango uleule unaozibwa na kidonge, kwa hiyo damu haigandi vizuri na tumbo linaweza kuvuja.

Na kuna mambo ya kumwambia ndugu aliyemsindikiza. Wenye umri chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Amitriptilini ikizidishwa inaweza kusimamisha moyo, hivyo atunze pakiti yeye, na itolewe ya wiki moja moja. Asiyelala siku tatu na bado ana nguvu na mipango mikubwa arudishwe kwa daktari. Huenda sonona yake ina upande wa pili, wa kuchangamka kupita kiasi.

Tumejaribu maneno mengine. "Dawa inapunguza sauti ya kengele ya hatari" imewaingia wenye wasiwasi. Mwenye sonona anajibu kwamba kwake hakuna kengele, kuna kimya. "Inausaidia ubongo kujifunza upya" ikawaudhi wazee: wamesahau nini hadi wafundishwe?

Ombi letu kwa wenzetu wa Iringa, Njombe, Mafinga na Kyela: dirishani mnasema nini, kwa Kiswahili, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena? Tunatafuta sentensi moja au mbili zisizomwaibisha mtu, zinazomwandaa kwa wiki za kusubiri, na zisizoahidi kwamba kuna kitu kitajaa. Na kama kwenu kuna anayempigia mgonjwa simu siku ya tano au ya kumi, tuambieni ni nani, na anauliza nini kwanza.

Ni sisi,
Wahudumu wawili wa dawa, Mbeya