Harambee ya Bustani ya Miti ya Asili na Kangaga, Ribe

Ndugu zetu wa Ribe, hapa pwani ya Kenya, mlio nyumbani na mlio mbali,

Mwaka 1871 Charles New, mmisionari aliyeishi hapa kwetu, alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Mimea aliyoikusanya huko ilisafirishwa mpaka bustani ya Kew, London. Joseph Hooker, mkuu wa bustani hiyo, akaichunguza na kuandika habari zake. Mwenzake New, Thomas Wakefield, aliyefika Ribe mwaka 1862, naye alipeleka Kew mimea ya vilima hivi tunavyolima.

Wakati huo huo Daktari John Kirk, aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Uingereza, alikuwa Unguja akimwandikia Hooker habari za sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda na kuwa mgumu. Watu wa Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, walikuwa wakiichimba ardhini na kuwauzia wafanyabiashara, na wataalamu wa Ulaya wakibishana imetoka mti gani. Kirk alitafuta vipande vilivyonasa majani na maua ndani yake, akavilinganisha na mti ulioota pwani. Ulikuwa mtandarusi, huu huu ambao wazee wetu wanaujua tangu utotoni!

Elimu hiyo ilijengwa kwa barua na majani makavu. Lakini wapagazi na waongozaji wa pwani walioibeba mizigo hiyo, na wazee walioulizwa mti huu unaitwaje na unatibu nini, ni nadra kuwaona wakitajwa. Jambo hilo linatuuma, kwa sababu wazee wa namna hiyo bado tunao, na kila tunapomzika mmoja tunazika na aliyoyajua.

Kaya yetu, msitu mtakatifu wa wazee wetu, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hata hivyo, watoto wengi wanaujua mkilifi, mti uliotoka Asia, kuliko mbambakofi au mvule. Kangaga za bondeni, mimea isiyo na maua inayopenda kivuli, wanazikanyaga tu wakienda kuteka maji.

Tunaomba msaada wenu tuanzishe bustani nyuma ya shule ya msingi. Tunahitaji miche ya miti ya asili, tangi la maji, ua wa kuzuia mbuzi, na banda la makuti la kuzipa kangaga kivuli na unyevu, maana jua la Januari huziua upesi. Ndani ya darasa moja tutaweka mbao za kukandamizia mimea, karatasi za kuikaushia na kabati lisiloingiza wadudu. Kila jani litaandikiwa mahali lilipochumwa, tarehe, jina lake, na jina la mzee aliyelieleza. Hatutachuma chochote ndani ya kaya bila ruhusa ya wazee wake.

Walimu wa shule moja ya Unguja wamekubali wanafunzi wao waandikiane na wetu na kubadilishana mimea iliyokaushwa. Tunatamani sana tupate na shule ya upande wa Kilimanjaro.

Lengo letu ni shilingi 280,000. Ua na tangi ndivyo vitakavyokula sehemu kubwa, na tunataka vikamilike kabla ya mvua za masika. Asiye na pesa alete miche, makuti, au siku moja ya kuchimba mashimo. Na mwenye mzazi anayeijua miti, tafadhali amlete. Usafiri wake tutaugharimia.

Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Michango itapokewa na mweka hazina mbele ya watu, kila mmoja atapewa risiti, na hesabu zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi.

Kamati ya wazazi, walimu na wazee