Prosesa si feki, bodi ndiyo haikubali

"Bosi, mmeniuzia feki, kasi haipandi!" Safari hii ni kijana wa Kisenyi, Kampala, anayehariri video za harusi, na aliyasema hayo kabla hata ya salamu. Tulimuuzia prosesa ya Intel, Core i5-12600K, boksi halijaguswa. Bodi ya kuibeba akaitafuta kwa mtu mwingine mjini, kwa kuwa yetu aliiona ghali. Kufungua kasha, tukakuta bodi ya B660.

Hiyo K maana yake kizidishi cha prosesa, yaani namba inayopanga kasi yake, kiko wazi, unaweza kukipandisha kupita kiwango cha kiwandani. Lakini bila chipseti, ile chipu ya bodi inayoamua nini kinaruhusiwa, kukubali, hakipandi. Kwa Intel ya soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) LGA1700, inayokubali ni Z: Z690 au Z790. B660 na B760 zinakuachia uchezee kasi ya RAM tu. H610 hata hiyo inakunyima. Kama hakuwa na bei ya Z, i5-12400 isiyo na K ingemtosha, na chenji angenunulia SSD. Wapinzani wao AMD wana huruma zaidi: B450, B550 na B650 zinaruhusu, ila A320, A520 na A620 usizisogelee kama nia yako ni ovakloki, yaani kupita kasi ya kiwandani.

Na si kila Z ni Z. Kandokando ya soketi kuna VRM, saketi inayoshusha volti 12 za pawasaplai hadi volti moja na ushee ya kulisha prosesa. VRM nyembamba, isiyo na bamba la maana la kupozea, huchemka, na ikichemka bodi yenyewe inaibana prosesa. Mteja wetu mmoja mwenye ukumbi wa gemu Wandegeya alifunga i9-13900K, ambayo hata bila kuguswa huweza kula wati 253, kwenye bodi ya Z ya bei ya chini kabisa. Kazi nzito ikianza, haichukui muda kasi inashuka chini ya ile ya kiwandani. Akabadilisha feni, akabadilisha pesti ya kupitisha joto, akanunua pawasaplai kubwa. Mwisho akanunua bodi tuliyomtajia siku ya kwanza. Jumlisheni wenyewe.

Halafu mnatuuliza mbona fundi wa ng'ambo ya barabara anachukua nusu ya bei yetu kwa kazi ya ovakloki. Anawasha, ikiwaka anakupa. Sisi tunapandisha kizidishi hatua kwa hatua, tunaipa mashine mzigo usiku kucha huku tukisoma joto, na umeme ukikatika katikati tunaanza upya. Bayosi, programu ya bodi inayowasha mashine, pia tunaisasisha, maana Z690 iliyokaa rafuni tangu 2021 haiitambui prosesa ya kizazi cha 13.

Kabla hujalipa popote, tutumie kwa WhatsApp picha ya jina lote la bodi, mpaka herufi za mwisho, kwa sababu kuna Z690 za DDR4 na za DDR5, na RAM zake haziingiliani. Kuangalia hatutozi. Bodi uliyonunua kwingine, mrudishie aliyekuuzia.