Shukrani kwa mwenzetu wa Moshi aliyempelekea mama mtori

Ndugu yangu uliyeomba usitajwe jina, pokea shukrani zangu mbele ya wenzetu wote wapenzi wa Land Rover wa Arusha na Moshi. Jioni ile mazungumzo yalikuwa yameshaacha giaboksi na springi na kuhamia kwenye mvua za masika, bei ya kahawa na afya za wazazi, nami nikagusia tu kwamba mama amelazwa hospitali ya KCMC huko Moshi huku kazi ikinishikilia Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi. Hukusema neno. Kesho yake mama alinipigia simu akiuliza ni kijana gani huyo mwenye adabu aliyemletea mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, wa moto kwenye hotipoti, akakaa naye hadi saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, akimsimulia habari za migomba na za Land Rover Series III ya marehemu babu yake. Wapo wanaotaka tuzungumzie magari peke yake. Mimi naomba maongezi ya jioni yaendelee, kwa kuwa bila hayo usingejua kwamba nina mama huko. Ameruhusiwa sasa, anakusalimu sana, na anakukaribisha nyumbani Kibosho.