Msimwagie buibui maji ya moto

Mhariri,

Huku Ismani vijana wakiona shimo la mviringo lenye utando mweupe mdomoni, mbio kuchemsha maji, au wanamwaga mafuta ya taa (kwa bei hii!). Anayekaa humo ni buibui mkubwa mwenye manyoya, wala hana shida na mtu. Mchana kajificha, usiku yuko mlangoni akivizia mende na panzi.

Jamaa zake wametapakaa Afrika. Kusini wapo wenye pembe mgongoni. Afrika Magharibi wapo wanaoishi mitini. Yule mkubwa wa rangi ya kutu, mwenye miguu ya nyuma minene, anapatikana Kenya na hapa kwetu Tanzania. Ukimchokoza anainua miguu ya mbele na kutoa mlio kama wa nyoka. Wengi wa Marekani ya Kusini hurusha vinyweleo vinavyowasha. Wetu hawana, wana meno tu. Wanauma vibaya, kwa hiyo usitie kidole.

Jike huishi miaka mingi. Shimo lililo kando ya mahindi yangu nimelizungushia mawe, trekta lisilifukie. Naomba gazeti lako limtafute mtaalamu atuandikie ukurasa mmoja, wenye picha.

Mkulima wa mahindi na alizeti,
Ismani, Iringa